UZI MAALUMU: Gabriel Heinze, klabu nane, nchi sita, mguu mmoja wa kushoto

Mkoba wa Temeke (mleta uzi)

Wakuu, tangu Julai 2025 Heinze alipoingia benchi la Arsenal kama msaidizi wa Mikel Arteta, kuziba nafasi ya Carlos Cuesta aliyekwenda kuifundisha Parma, vijana wanauliza kila siku: huyu mzee mwenye sura ya ukali alicheza wapi? Nimeona tumfungulie uzi wake, maana ni beki aliyezunguka sana na kila safari yake ina sababu unayoweza kuieleza.

Njia yake kwa ufupi. Amezaliwa Aprili 1978 mji wa Crespo, jimbo la Entre Ríos, Argentina. Akakulia Newell's Old Boys ya Rosario, klabu iliyowatoa pia Batistuta na Pochettino. 1997 akachukuliwa na Real Valladolid ya Hispania akiwa bado mbichi kabisa. Msimu wa 1998/99 akatolewa kwa mkopo Sporting ya Lisbon, akarudi Valladolid, na 2001 akaenda PSG. Pale PSG alikaa misimu mitatu na kuondoka na Kombe la Ufaransa la 2004 (fainali 1-0 dhidi ya Châteauroux, bao la Pauleta). Manchester United 2004 hadi 2007, Real Madrid 2007 hadi 2009, Marseille 2009 hadi 2011, Roma msimu mmoja, kisha nyumbani Newell's kuanzia 2012 hadi alipotundika daluga 2014. Timu ya taifa mechi 72 na mabao 3, Kombe la Dunia mara mbili, dhahabu ya Olimpiki moja.

Kwa mtazamo wangu, ukitaka kuelewa kwa nini alihama mara nyingi hivyo, usianze na tabia yake. Anza na nafasi. Heinze alikuwa mguu wa kushoto anayeweza kucheza namba 3 (beki wa pembeni kushoto) na beki wa kati upande wa kushoto, zote kwa kiwango cha juu. Beki wa aina hiyo ni adimu, ndiyo maana kila timu iliyokuwa na pengo kushoto ilimfuata. Lakini ubora huohuo ndio uliomtoa. Kila alipokuwepo namba 3 halisi mwenye mbio (Evra pale United, Marcelo pale Madrid, Taye Taiwo pale Marseille), kocha alikuwa na uhuru wa kumsogeza Heinze katikati, na katikati tayari kuna watu wawili waliozoeana. Ukiwa unaweza kucheza kwingi, wewe ndiye wa kwanza kusogezwa.

Wenye nondo karibuni. Tuzungumzie uwanjani, siyo udaku.

---

Namba3_Asilia

Mkuu umegusa penyewe. Niongeze upande wa ufundi, kwa sababu wengi wanadhani beki wa kushoto akisogezwa katikati anabadilisha tu sehemu ya kusimama.

Ukicheza namba 3, mstari wa pembeni ni mwenzako. Winga akija, unasimama nusu ubavu, goti limekunjwa, umbali wa kama hatua moja na nusu, unamfungia ndani na kumwachia nje. Akienda nje anabaki na krosi tu, na mguu wako wa kushoto ndio ulio karibu na mpira kwa ajili ya kuuzuia au kuuchomoa. Heinze hapo alikuwa hatari kwelikweli. Hakuwa na mbio za kutisha, ila alianza mapema. Alimfikia winga mpira ukiwa njiani, kabla hajageuka kulitazama goli. Winga anayepokea akiwa ameupa mgongo lango hana faida ya mbio zake.

Katikati mambo yanageuka. Hakuna mstari wa kukusaidia, mtu anaweza kukupita kulia au kushoto, na ukitoka mapema kama ulivyozoea pembeni ukakosa mpira, nyuma yako ni kipa peke yake. Kwa hiyo tabia iliyomfanya bora namba 3, ile ya kurukia mpira mapema, ndiyo iliyomponza alipokuwa katikati bila mtu wa kumfunika.

Faida yake katikati ilikuwa kwenye kutoa mpira. Beki wa mguu wa kulia akicheza kati kushoto, akipokea pasi lazima auvute mpira ndani kwanza ndipo aupige, na mshambuliaji anapata sekunde ya kumbana. Wa mguu wa kushoto anapokea kwa mguu wa nje na mwili uko wazi tayari: pasi ya winga, pasi ya kiungo, na ule mpira mrefu wa mshazari, zote zipo. Ndiyo maana mpaka leo makocha wanalipa zaidi kwa mabeki wa kati wa kushoto.

---

Dada Mwanaspoti

Namba3_Asilia, ushahidi wa maneno yako upo kwenye Kombe la Dunia zote mbili alizocheza.

2006 Ujerumani chini ya Pekerman, Heinze alikuwa beki wa kati pamoja na Roberto Ayala, kwa sababu kushoto alikuwepo nahodha Juan Pablo Sorín, ambaye muda mwingi alikuwa anashambulia kama winga. Hapo Heinze alibeba kazi mbili: kumkaba mshambuliaji, na kuziba shimo ambalo Sorín ameliacha. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Ivory Coast ya Drogba, Argentina wakashinda 2-1. Wakatolewa robo fainali na Ujerumani kwa penalti Berlin.

2010 Afrika Kusini chini ya Maradona, mtu yuleyule akarudi namba 3, katikati wakiwa Samuel na Demichelis. Kulia akawekwa Jonás Gutiérrez, ambaye kiasili ni winga. Yaani timu ilikuwa na beki mmoja tu wa pembeni wa kweli, na kwa hiyo Heinze hakuruhusiwa kupanda hovyo. Wanaosema Heinze wa 2010 alikuwa mzito wasisahau kwamba kazi aliyopewa ilikuwa kukaa nyuma.

---

Old Trafford Mbagala

Mimi naja na sehemu ya United, hasa mwaka wa kwanza ambao watoto wa sasa hawaujui.

United walimnunua Juni 2004 kwa pauni milioni 6.9, mkataba wa miaka mitano. Hakuonekana mwanzo wa ligi, kwa sababu kiangazi kile alikuwa na mashindano mawili na timu ya taifa. Kwanza Copa América (kombe la mataifa ya Amerika Kusini) ya Peru: Argentina wakafika fainali, Adriano akasawazisha dakika za mwisho kabisa, wakaenda penalti, D'Alessandro na Heinze wakakosa, Brazil wakabeba. Halafu Olimpiki ya Athens mwezi Agosti.

Hii Olimpiki inastahili kusimuliwa vizuri. Kocha alikuwa Marcelo Bielsa. Kanuni inaruhusu wachezaji watatu tu waliozidi miaka 23, naye akawachagua Ayala, Heinze na Kily González. Yaani wawili kati ya nafasi tatu za thamani zaidi aliwapa mabeki! Alicheza na mabeki watatu, Coloccini, Ayala na Heinze, mbele yao Mascherano akiwa kijana. Mechi sita, mabao 17 ya kufunga, sifuri ya kufungwa. Fainali 1-0 dhidi ya Paraguay, Tevez akafunga. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Argentina kwenye Olimpiki tangu 1952.

Akatua Manchester, mechi yake ya kwanza 11 Septemba ugenini kwa Bolton, akafunga, 2-2. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Oktoba, alikuwa namba 3 siku United walipoifunga Arsenal 2-0 na kukatisha ile safari ya mechi 49 bila kufungwa. Kwa hiyo huyo msaidizi wa Arteta mnayemwona leo yumo kwenye kikosi kilichoivunja rekodi kubwa kuliko zote za Arsenal. Mwisho wa msimu mashabiki wakamchagua mchezaji bora wa mwaka wa klabu, kwenye timu yenye Rooney, Ronaldo, Scholes na Ferdinand. Beki wa kushoto!

Agosti 2005 akafunga mawili ugenini Hungary dhidi ya Debrecen kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Wiki tatu baadaye, 14 Septemba, pale Villarreal, goti likaenda. Usiku huohuo Rooney alipewa kadi nyekundu kwa kumpigia makofi mwamuzi Kim Milton Nielsen, na magazeti yote yakaandika Rooney. Lakini kwa United hasara iliyodumu ilikuwa goti la Heinze.

---

Fizio wa Kirumba

Hapo kwenye goti niweke maelezo, maana watu hutamka "ligamenti" bila kujua linavuruga nini kwa beki.

Kilichokatika ni ligamenti ya krusieti, moja ya kamba mbili ngumu zinazopishana ndani ya goti. Hiyo ya mbele ndiyo inayozuia mfupa wa chini usichomoke mbele na goti lisijizungushe mtu anapogeuka ghafla. Mara nyingi haihitaji kugongwa: mguu umekita chini, mwili unageuka, goti linaingia ndani, basi. Kwa mwanasoka, inatengenezwa upya kwa kipande cha kano (mshipa mgumu unaoshika msuli kwenye mfupa) kutoka sehemu nyingine ya mwili wake.

Baada ya upasuaji, wiki za mwanzo ni kuondoa uvimbe na kulinyoosha goti mpaka mwisho. Goti lisiponyooka kamili mapema, mguu unabaki na kilema cha kuchechemea. Kisha nguvu za paja la mbele na la nyuma. Kukimbia moja kwa moja huanza takriban mwezi wa tatu au wa nne. Kugeuka na kukata kona huja baadaye, na mechi kwa kawaida ni kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Kinachoharibu zaidi ni watu kuharakisha hatua ya mwisho. Kile kipande cha mshipa kinapopandikizwa hupitia kipindi cha udhaifu kabla ya kuwa imara, na mgonjwa wakati huo hasikii maumivu, anajiona mzima.

Heinze hakucheza tena ligi msimu ule, ila Juni 2006 alikuwa uwanjani Hamburg dhidi ya Ivory Coast. Ni takriban miezi tisa, ndani ya muda unaokubalika. Tatizo kwa beki wa pembeni ni kwamba kazi yake nzima ni kusimama ghafla na kugeuka. Katikati unageuka mara chache zaidi. Hiyo nayo ilichangia kumsogeza ndani, nadhani mleta uzi ataniunga mkono.

---

Mkoba wa Temeke (mleta uzi)

Naunga mkono, na ongeza hili: Januari 2006, Heinze akiwa bado anajiuguza, United wakamleta Patrice Evra kutoka Monaco. Evra alikuwa namba 3 wa kupanda na kushuka dakika 90. Heinze aliporudi msimu wa 2006/07 alikuta nafasi ina watu wawili, na katikati Ferdinand na Vidić wameshaelewana. Alicheza mechi za kutosha, akavaa medali ya ligi, hata fainali ya Kombe la FA dhidi ya Chelsea Mei 2007 alianza yeye namba 3. Lakini hakuwa tena jina la kwanza kwenye karatasi.

---

KochaTaktiki_Mvita

Kuna bao moja ambalo kocha yeyote wa mabeki anatakiwa kulionyesha darasani. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, 24 Aprili 2007, Old Trafford, bao la pili la Kaká wa AC Milan dhidi ya United.

Hali ilivyokuwa: Ferdinand, Vidić na Gary Neville wote ni majeruhi. Nyuma wako O'Shea, Brown, Heinze na Evra. Heinze anacheza kati kushoto, Evra pembeni yake.

Mpira mrefu unakuja, Kaká anamzidi Fletcher, anauinua juu ya Heinze aliyetoka kumkabili. Mpira unadunda, Evra anakuja kwa kasi kutoka kushoto, Heinze anageuka kurudi. Kaká anausukuma mbele kwa kichwa, wale wawili wanagongana wenyewe kwa wenyewe, yeye anabaki na Van der Sar peke yake.

Watu humlaumu Heinze kwa kule kugongana. Kosa lilianza nyuma zaidi. Mpira mrefu ukija, kanuni ni mmoja anaruka na mwenzake anashuka hatua tano hadi kumi kumfunika. Hapa aliyetoka ni Heinze, na wa kumfunika alitakiwa awe Brown, siyo Evra. Evra alikuja kwa sababu aliona hakuna mtu. Alipokuja hakukuwa na sauti. Beki anayeshuka ndiye anayeuona uwanja mzima, kwa hiyo yeye ndiye anayepaza sauti na mwenzake anatii. Mabeki wawili wanaokimbilia mpira mmoja kutoka pande mbili bila kuitana watagongana tu, hata wawe mabingwa wa dunia.

United walishinda 3-2 usiku ule, Rooney akifunga mawili, lakini yale mawili ya ugenini yaliwapa Milan nguvu, na San Siro, Heinze akiwa amerudishwa pembeni, wakafungwa 3-0.

---

Jogoo wa Anfield

Tufike kwenye lile sakata la kuja kwetu Liverpool. Mtu aliyepangiwa kucheza fainali ya FA mwezi Mei, Agosti anataka kwenda kwa mahasimu. Mliopo mtueleze, maana huku tuliambiwa barua ilikuwepo.

---

Wakili wa Usajili

Barua ilikuwepo. Ilikuwa ya 13 Juni 2007, United wakimweleza kwamba wako tayari kumwachia ikija ofa ya pauni milioni 6.8. Liverpool wakaleta ofa ya kiwango hicho. United wakakataa: kwa maelezo yao, mazungumzo yote yalihusu klabu za nje ya Uingereza. Upande wa mchezaji ukasema barua haikutaja klabu wala nchi, kwa hiyo ofa ya yeyote ni ofa.

Kesi ikaenda mbele ya jopo la watu watatu la Ligi Kuu ya England, na Agosti jopo likaamua kwa faida ya United: barua ile haikuwa mkataba unaoilazimisha klabu kumuuza kwa Liverpool. Agosti hiyohiyo akasaini Real Madrid. Kumbukeni mchezaji wa mwisho kuhama moja kwa moja kati ya klabu hizi mbili alikuwa Phil Chisnall mwaka 1964.

Barua ya namna hii ikitaka kumlinda mchezaji lazima iseme mambo manne: kiasi halisi, klabu zipi zinaruhusiwa au haziruhusiwi, inaisha tarehe gani, na kwamba klabu "italazimika" kukubali. Neno "tuko tayari kuzungumza" halina meno. Hapa ilikuwepo bei tu, yale matatu yakaachwa kwenye imani ya mdomo.

Kuna na jambo la pili. Kanuni za FIFA, kifungu cha 17, zinasema mchezaji aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28 ana kipindi cha ulinzi cha miaka mitatu. Baada ya hapo anaweza kuvunja mkataba kwa kulipa fidia bila kufungiwa, mradi atoe taarifa ndani ya siku 15 baada ya mechi rasmi ya mwisho ya msimu. Andy Webster aliitumia njia hiyo 2006 kutoka Hearts. Heinze alisaini akiwa na miaka 26, kwa hiyo miaka yake mitatu ilifika ukingoni kiangazi kile. Lakini mechi ya mwisho ya United ilikuwa 19 Mei, siku 15 zinaishia 3 Juni. Barua ya 13 Juni ilikuja mlango huo ukiwa umefungwa.

---

Simba Damu

Hata hivyo mimi namwona mamluki tu. United kwenda kutaka Liverpool, PSG kwenda Marseille. Hakuna mwenye heshima anayefanya hivyo.

---

Mkoba wa Temeke (mleta uzi)

Mkuu, angalia tarehe. Aliondoka PSG 2004, akasaini Marseille 2009, katikati kuna klabu mbili na miaka mitano. Mamluki haendi kumaliza mpira kwenye klabu iliyomlea. Mwaka 2012 Newell's walikuwa wanahangaika na hatari ya kushuka daraja, akarudi yeye, akarudi Maxi Rodríguez, akarudi Scocco, kocha Gerardo Martino, wote watoto wa nyumbani. Wakabeba Torneo Final 2013 (ubingwa wa nusu ya pili ya msimu wa Argentina) na kufika nusu fainali ya Libertadores (ligi ya mabingwa ya Amerika Kusini), ambako walishinda 2-0 Rosario, wakafungwa 2-0 Belo Horizonte na kutolewa na Atlético Mineiro kwa penalti. Hapo Heinze ana miaka 35.

---

Dada Mwanaspoti

Na Marseille alikwenda kufanya kazi. Kabla ya hapo Madrid alikuwa amefika wakati Roberto Carlos ameondoka kwenda Fenerbahçe na Marcelo bado anajifunza kukaba. Msimu wa kwanza chini ya Schuster akabeba La Liga. Msimu wa pili ulikuwa mchungu: Machi 2009 hatimaye akasimama Anfield akiwa na jezi nyeupe, mpira ukampiga begani, mwamuzi akatoa penalti, Gerrard akafunga, Liverpool 4-0. Mei wakafungwa 6-2 na Barcelona nyumbani, mechi ambayo Guardiola alimtoa Messi pembeni na kumweka katikati. Heinze alikuwa namba 3 siku hiyo.

Marseille ya Deschamps ikampa maisha mapya. Langoni Steve Mandanda, mzaliwa wa Kinshasa. Nyuma Souleymane Diawara wa Senegal, Mbia wa Cameroon na Taiwo wa Nigeria. Mbele nahodha Mamadou Niang. Heinze alicheza kati au kushoto kutegemea kama Taiwo yupo. Tarehe 5 Mei 2010 dhidi ya Rennes, mechi ya kutawazwa, yeye ndiye aliyefungua kwa mpira wa adhabu, ikaisha 3-1. Marseille walikuwa wameusubiri ubingwa huo miaka 18. Machi 2011 akawafunga PSG kwa mpira wa adhabu pia, 2-1, huku mashabiki wa Paris wakimzomea tangu arudi Ufaransa.

---

Fundi Kona

Mmelisahau bao ambalo Waafrika wengi tunalijua! 12 Juni 2010, Ellis Park Johannesburg, Argentina na Nigeria, dakika ya 6.

Kona ya Verón kutoka kulia. Heinze hakusimama kwenye msongamano mbele ya Enyeama. Alianzia nyuma, karibu na alama ya penalti, akasubiri. Mpira ulipopigwa, Samuel akamzuia Chinedu Obasi aliyekuwa na jukumu la kumfuata. Heinze akapita peke yake, akajirusha, mpira wa kichwa ukaingia sehemu ya juu ya wavu. Enyeama aliokoa karibu kila kitu cha Messi siku ile, hili hakuwa na namna.

Baadaye wakuu wa waamuzi wa FIFA walikubali kwamba Samuel alimshika Obasi na bao lilitakiwa kukataliwa. Mwamuzi alikuwa Wolfgang Stark. Leo VAR ingelitazama.

Somo kwa timu inayokaba kona mtu kwa mtu: anayeanzia nyuma ndiye wa hatari, kwa sababu anakuja na kasi na wewe umesimama. Mkabaji asimame kati ya mtu wake na goli, mkono mmoja ukigusa mwili wake ili amsikie akianza kukimbia, na macho yasigande kwenye mpira. Akiona msongamano njiani, aite mwenzake wabadilishane mtu. Na katikati ya boksi la hatua sita awepo mmoja asiye na mtu wa kukaba, kazi yake ni mpira tu. Nigeria hawakuwa na huyo mmoja.

---

Jogoo wa Anfield

Nimeelimika wakuu. Sasa ukocha wake je? Arteta alimtoa wapi?

---

KochaTaktiki_Mvita

Walicheza pamoja PSG 2001/02, Arteta akiwa kijana wa mkopo kutoka Barcelona. Timu hiyohiyo ilikuwa na Pochettino na Ronaldinho.

Ukocha alianzia Godoy Cruz 2015, hakukaa. Kisha Argentinos Juniors, waliokuwa wameshuka daraja. Msimu wa 2016/17 akawapandisha wakiwa mabingwa. Humo ndani Oktoba 2016 alimpa mechi ya kwanza kijana mmoja anaitwa Alexis Mac Allister, ambaye sasa unamwimba wewe pale Anfield. Vélez kuanzia 2018 hadi 2020 akamwanzisha Thiago Almada akiwa na miaka 17. Vijana wawili hao wote wakawa mabingwa wa dunia Qatar 2022.

Atlanta United ya Marekani 2021 haikwenda: akafukuzwa Julai baada ya matokeo mabaya na mgogoro na wachezaji kuhusu mazoezi na siku za mapumziko. Mbinu zake zinataka kukaba juu uwanja mzima, mtu na mtu, na beki anamfuata mtu wake hata akishuka hadi katikati. Inahitaji miili iliyozoeshwa wiki nyingi. Ukiileta kwenye ligi yenye safari za ndege zinazochukua muda wa saa nne na joto la kiangazi bila kupunguza mzigo wa mazoezi, misuli inakatika na chumba cha kubadilishia kinakugeuka. 2023 akaifundisha Newell's kabla ya Arsenal kumwita.

---

Mama wa Chipukizi

Kwa sisi tunaofundisha watoto wa miaka 15, hasa mabeki wa mguu wa kushoto, tuwaonyeshe mechi zipi?

---

Namba3_Asilia

Dada, tatu zinatosha. United na Arsenal ya Oktoba 2004: mtoto asitazame mpira, amtazame Heinze kabla winga hajapokea. Ahesabu mara ngapi anaanza kusogea pasi ikiwa bado mguuni kwa mtoaji.

Fainali ya Athens 2004 na Paraguay: aangalie mabeki watatu wanavyogawana. Bielsa hutaka nyuma beki mmoja zaidi ya idadi ya washambuliaji wa mpinzani. Mtoto aeleze kila baada ya dakika kumi nani anakaba na nani yuko huru, na huyo aliye huru amesimama umbali gani nyuma ya wenzake.

Ya tatu ni lile bao la Kaká. Simamisha video mpira ukiwa hewani na muulize: wewe ni Brown, unaenda wapi? Akijibu "nyuma ya Heinze", mpeleke uwanjani mkafanye zoezi la mipira mirefu, wawili wawili, kila mpira mmoja anaruka na mwenzake anashuka huku anaita jina. Mipira ishirini upande wa kushoto, ishirini kulia, na anayeshuka bila kuita, mpira huo urudiwe.